Upande Gani?

 

Wasikilizaji, mnaoijua Ansab, hapa Muscat, mnajua kuwa ni mahali pa kustaajabisha kidogo. Vilima vikavu vya mawe ya kahawia, nyumba nyeupe, magari yanayovuma usiku kucha kwenye barabara kuu, halafu, nyuma ya uzio, mabwawa. Maji yaliyotoka majumbani mwetu husafishwa hapo hapo, yakaachwa yatuame. Matete yakaota na ndege wakaja. Wako heroe, wako korongo, wako mabata wanaopumzika katika safari zao za mbali, na wako yangeyange, weupe pepepe, wanaoinuka jioni kwa makundi. Wageni huja na darubini kuwatazama. Sisi wakazi tumewazoea kama tulivyozoea magari.

Ndiyo maana mama yangu mkubwa aliposema siku moja baada ya sala ya alasiri, "Yangeyange kaingia dirishani," hakuna aliyeinua uso. Mjukuu wake alitoka kwenda kulifunga dirisha, akarudi akasema, "Bibi, limefungwa." Tukaendelea na kahawa.

Nimeomba ruhusa yake kulizungumza hili hewani, naye amekubali kwa sharti la kutotajwa jina. Amesema, "Kama yuko mwenzangu mmoja anayesikiliza na amenyamaza kama nilivyonyamaza mimi, basi sema."

Ndege yule alipita tena kesho yake. Akapita wiki iliyofuata, mara tatu kwa siku. Kila mara mama mkubwa alipepesa mkono kushoto kwake kama mtu anayefukuza nzi, akasema, "Huyo!" Tukacheka naye. Kuna siku alijaribu jambo la akili sana, nami sikulitilia maanani: alilifumba jicho la kushoto kwa kiganja, ili aone kama ndege atatoweka. Hakutoweka. Akafumba la kulia. Bado yupo. Alinisimulia hilo baadaye sana, na daktari aliposikia alinyanyua nyusi, kwa sababu mama yule, bila kusomea udaktari, alikuwa tayari amekwisha kujua kuwa tatizo halimo jichoni.

Kisha mambo madogo yakaanza. Mama mkubwa ndiye mwenye dele la kahawa nyumbani. Hata wakiwepo wakwe na mabinti kumi, kahawa humiminwa na mkono wake. Akaanza kugonga vikombe. Daima vile vilivyokuwa kushoto kwa sinia. Akaanza kupiga bega kwenye kizingiti cha mlango, bega moja lile lile, mpaka likawa na alama ya zambarau isiyopona. Nilimwambia, na leo nalisema kwa majuto, "Mama, ni uzee huo." Tukamnunulia miwani mpya.

Mtoto alikuja mwaka ule ule, katika Ramadhani. Aliniita chumbani, akaniambia nifunge mlango. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mwanangu, mimi nina akili zangu timamu." Halafu akanieleza. Anapomaliza sala, akatoa salamu kulia, kisha kushoto, anamwona mtoto wa kiume wa kama miaka saba amesimama ukingoni mwa msala, amevaa kanzu na kofia ya viua, ya kwetu Unguja, iliyodariziwa vizuri hata angeweza kuzihesabu tundu zake. Hasemi. Hamtazami. Akimgeukia, naye anasogea, anabaki pale pale kushoto, kama aliyefungwa kamba na shingo yake. Anakaa muda wa kusoma Alhamdu mara mbili, kisha hayupo.

Nikamuuliza kama anamwogopa. Akasema, "Simwogopi yeye. Nawaogopa nyinyi."

Wasikilizaji, nataka tuikalie kauli hiyo kabla ya kwenda mbele. Mama huyu alizaliwa Malindi, Unguja. Amevuka bahari na watoto wachanga baada ya mapinduzi ya 1964, akaishi kwa watu, akafika Muscat miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipofungua mlango, akajenga nyumba, akazika mume. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kumwona ametetereka. Lakini alikaa na siri ile miezi, akisali huku akikwepa kugeuka kushoto, kwa kuogopa mambo mawili: aidha tutasema amerukwa na akili, au tutasema amepata urithi. Shangazi yake huko Unguja alikuwa kiti cha ruhani. Sisi wa pwani tunajua maana yake. Pepo hupandishwa, hupigiwa ngoma, hutolewa ubani, na fundi humuuliza: Nani wewe? Jina lako nani? Umekuja kutaka nini?

Na ndivyo ilivyokuwa. Siri ilipofika sebuleni, nyumba iligawanyika. Mdogo wake akasema asomewe. Akaletwa mtu wa kheri, mpole, msomaji hodari. Akamsomea, akamwandikia kombe kwa zafarani, likaoshwa kwa maji ya waridi akalinywa. Yule mzee naye alimuuliza jina la mgeni wake. Mama mkubwa akajibu, "Hana jina. Hasemi." Mimi sisemi neno baya juu ya kisomo kile. Alilala vizuri usiku ule kuliko usiku mwingi uliotangulia, na Qur'ani ni ponyo kwetu sote. Lakini tulijiona tumekwisha kufanya linalopasa, na miezi ikaenda. Halafu tukampeleka kituo kimoja cha afya, ambako alisikilizwa kwa dakika tano, akapewa vidonge vya usingizi. Vidonge vikamlevya. Alianguka bafuni.

Aliyetufungua macho ni daktari wa macho. Tulikwenda kwake kwa ajili ya miwani tu, kwa sababu ile mpya nayo ilikuwa haifai kitu. Binti mdogo wa Kiomani, Kiswahili chake ni kile cha nyumbani, alichokinyonya kwa bibi yake, kimechanganyika na Kiarabu. Mama mkubwa alimpenda papo hapo, na nadhani ndiyo sababu alimwambia kila kitu, ndege na mtoto. Binti yule hakucheka wala hakushtuka. Aliuliza swali moja.

"Bibi, wanakuja upande gani?"

Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita. Tulikuwa tumeuliza ni nani, anataka nini, ametumwa na nani, umekula nini, umelala saa ngapi. Swali la upande halikumtoka mtu yeyote kati yetu, wala msomaji, wala yule wa vidonge.

Alimkalisha mbele ya mashine kama bakuli kubwa jeupe. Kidevu juu ya kiegemeo, jicho moja limezibwa, mkononi kitufe. Ndani ya bakuli kuna nukta katikati. Unaambiwa uikazie macho usiiache, na kila ukiona kijimwanga pembeni, unabonyeza. Nilisimama nyuma yake. Niliona vijimwanga vikiwaka kulia, naye akibonyeza, tik, tik, tik, kijana kabisa. Kisha vikawaka kushoto, kimoja baada ya kingine, na kidole chake kikatulia. Hakusita wala hakukosea. Alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri jambo lianze. Likarudiwa kwa jicho la pili, hali ile ile. Karatasi ikatoka: miduara miwili, mmoja wa kila jicho, na yote miwili nusu yake ya kushoto imejaa wino mweusi.

Hapo daktari alitueleza jambo ambalo shuleni nililifundishwa nikalisahau. Jicho la kushoto halimilikiwi na upande wa kushoto wa ubongo, wala la kulia na wa kulia. Kila kilichoko kushoto kwako, ukikitazama kwa jicho lolote, husafirishwa hadi nyuma ya kichwa, kisogoni, upande wa kulia. Kwa hiyo mtu akipoteza nusu ile ile katika macho yote mawili, usilikamate jicho. Nenda kisogoni. Picha ya MRI ikachukuliwa, na pale, kisogoni kulia, palikuwa na kitu cheupe cha mviringo, ukubwa wa ndimu, kimeng'ang'ania kwenye utando na kuusukuma ubongo mbele.

Uvimbe wa aina hii unaitwa meninjioma. Hauoti kwenye nyama ya ubongo bali kwenye tando zinazoufunika, na mwingi, yapata minane katika kila kumi, si saratani: haurukii mapafu wala ini, unakua polepole sana, milimita chache kwa mwaka. Jina hilo lilitolewa mwaka 1922 na Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo wa Marekani. Miongoni mwa uvimbe wote unaoanzia ndani ya fuvu, huu ni theluthi au zaidi, na wanawake wanaupata kama mara mbili zaidi ya wanaume. Wengi wanao na hawajui. Hufa kwa uzee wao nao umelala kichwani bila kumsumbua mtu.

Lakini neno "si saratani" lisitulaze. Fuvu ni chungu kisichopanuka. Ukiweka ndimu ndani ya chungu kilichojaa, lazima kitu fulani kibanwe, na alama zinazoonekana nje hutegemea ni kipi kimebanwa. Ukibana panapoongoza mkono, mkono hulegea au kutikisika. Ukibana panapoongoza uoni, mtu hupofuka sehemu, au huona visivyokuwepo. Au yote mawili, kama mama mkubwa.

Kwa nini aone, badala ya kuona giza tu? Sababu ni mbili, na huenda zote zilimfika. Ya kwanza ni ghasia. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo, na zikisuguliwa na uvimbe huanza kurusha cheche bila amri. Ni kifafa, wasikilizaji, ingawa hakuna anayeanguka wala kutoa povu. Ni kifafa cha eneo dogo tu, na kikiwa katika eneo la kuona, basi mtu huona. Cheche za kisogoni kwa kawaida huwa nyepesi: mwanga, nyota, rangi, kitu cheupe kinachopita kasi. Zikiwa mbele zaidi, kuelekea panja, huleta nyuso, watu, pengine mandhari kamili, na mara nyingine harufu ya kitu ambacho hakipo. Si kanuni isiyovunjika, lakini ndivyo ilivyo mara nyingi.

Ya pili ni pengo. Hapa naomba niwaeleze kwa chombo mlichonacho masikioni. Redio ikipoteza kituo hainyamazi. Huvuma, hukoroma, hunasa vipande vya stesheni za mbali. Sehemu ya ubongo iliyozoea kupokea picha mchana kutwa, ikikatiwa, nayo hainyamazi, huanza kujitungia. Mwaka 1760 mwanachuoni wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee wa karibu miaka tisini aliyekuwa na mtoto wa jicho. Mzee yule alikuwa akiona wanaume na wanawake, ndege, magari ya farasi, majengo, akiwa ameketi chumbani kwake, na akijua fika kuwa hayapo. Hakuwa na uvimbe kichwani, alikuwa na macho mabovu tu. Lakini sifa za wageni wake nilipozisoma niliweka karatasi chini: walikuja bila sauti, wamevaa vizuri, na hawakumdhuru.

Daktari alitufupishia hivi, akisisitiza neno "huenda": "Huenda ndege alikuwa cheche. Huenda mtoto alikuwa pengo."

Na lile la kusogea kila akigeuka? Kitu kilichoko chumbani hubaki mahali pake ukigeuza shingo. Picha iliyozaliwa kisogoni huhama na macho, kwa sababu kila uendako umeibeba. Mama mkubwa alilieleza jambo hilo kwa usahihi wa kitabu, nasi tulilisikia kama hadithi ya jini anayekwepa kutazamwa.

Kiswahili hakikukosa maneno hapa, na inaniuma tunavyoyachanganya. Mchana wa mwezi wa saba, ukitoka Ansab kwa gari, lami iliyo mbele yako inameremeta maji. Hayo ni mazigazi. Hewa ya moto iliyo juu ya lami imeupinda mwanga, jicho limeupokea ulivyo, na abiria wako wote wanayaona; hakuna dereva aliyeitwa mwendawazimu kwa ajili ya mazigazi. Maluweluwe ni jambo jingine. Nje hakuna kitu wala mwanga uliopinda. Picha imeanzia ndani na kuwekwa nje, na anayeiona yuko peke yake. Mauzauza ni neno la tatu, hilo tunalitumia kwa vituko vya kishirikina, na ndilo tunalolikimbilia kwanza. Laiti tungelikimbilia la pili. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki yapata mwaka 1040, alikwisha kuandika kuwa kuona si kazi ya jicho pekee: mwanga huingia jichoni, lakini akili ndiyo inayoamua umeona nini. Sisi tunaoishi ukingo huu huu wa bahari tulikuwa na elimu hiyo karibu miaka elfu iliyopita.

Nirudi kwa swali la upande, maana ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti. Kabla ya mashine kuweko, upande ndio uliokuwa ramani pekee. Mwaka 1879 huko Glasgow, William Macewen alimpasua kichwa msichana mdogo na kumtoa uvimbe wa utando. Mashine ya eksirei ilikuwa haijavumbuliwa. Miongoni mwa yaliyomwongoza ni mtikisiko uliomshika binti yule usoni na mkononi, upande wa kulia. Naye akafungua kushoto, akaukuta. Binti aliishi miaka minane zaidi. Huko Boston, Cushing na mwenzake Gilbert Horrax walikaa na wagonjwa wao wakawauliza wanaona nini na wapi, na mwaka 1923 Horrax akachapisha makala ya kuonyesha kuwa maluweluwe yenyewe humwelekeza mpasuaji mahali uvimbe ulipo. Hebu fikirini. Kile ambacho familia ilikuwa ikikificha kwa aibu, wao walikiandika neno kwa neno, kwa sababu kilikuwa anwani. Picha ya kwanza ya kichwa cha mgonjwa kwa mashine ya CT haikupigwa mpaka mwaka 1971, London.

Yako mengine yanayoingia katika habari hii, na nitayataja kwa haraka. Uvimbe wa tezi ya pituitari, tezi isiyozidi punje ya mbaazi chini ya ubongo, huota chini ya makutano ya mishipa ya macho, na kuinyima nafasi. Mgonjwa hupoteza pembe za nje za macho yote mawili, akawa anagongana na watu kulia na kushoto, na baadhi yao huanza kuona visivyokuwepo. Uvimbe unaokandamiza shina la ubongo nao una maluweluwe yake, ya watu na wanyama wenye rangi kali wanaokuja jioni. Jean Lhermitte wa Ufaransa aliyaeleza maluweluwe ya namna hiyo mwaka 1922 kwa mwanamke wa miaka 72 aliyewatazama wageni wake bila hofu. Na kwa kinamama: utafiti mkubwa wa Ufaransa uliotoka mwaka 2024 ulionyesha kuwa waliotumia kwa muda mrefu sindano ya uzazi wa mpango ya medroksiprojesteroni walipasuliwa meninjioma zaidi ya wasiotumia. Ugonjwa bado ni wa nadra, na hiyo si sababu ya kuacha sindano kimyakimya. Ni sababu ya kumuuliza anayekuchoma.

Sasa tahadhari, na hii naomba isikilizwe kuliko yote. Wengi wanaoona visivyokuwepo hawana uvimbe wowote. Mzee akianza ghafla, ndani ya siku mbili tatu, kuona watu na kuweweseka, tazama kwanza homa, malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka, dawa mpya aliyopewa. Mwenye presha ya macho au macho yaliyoharibiwa na sukari anaweza kuwa kama babu yake Bonnet. Mgonjwa wa kutetemeka naye huona, mara nyingine kwa sababu ya dawa zake. Kuna kipandauso kinachochora mistari ya kioo kilichovunjika kwa nusu saa, kisha kichwa kikapasuka kwa maumivu. Na yuko anayesikia sauti zikimwamrisha na kuamini kuwa majirani wanamwinda; huyo anahitaji daktari wa akili, na hakuna aibu yoyote kumpeleka. Sitaki mtu atoke hapa leo akidhani kila bibi anayemwona marehemu mumewe mlangoni amebeba ndimu kichwani.

Ninachotaka ni aulizwe. Ni kila mara upande mmoja? Ni kitu kile kile, kimekaa muda ule ule, kama filamu inayorudiwa? Baada yake anababaika, anasahau, mkono unakufa ganzi? Anagonga milango? Kichwa kinamuuma zaidi alfajiri, na kutapika juu yake? Majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi, yapelekwe hospitali pamoja naye.

Na kuna kipimo kisicho na gharama ambacho daktari yule alitufundisha, nami nitakisema polepole ili mkijaribu leo baada ya chakula. Keti mkabala na mzee wako, magoti yakaribie kugusana. Mwambie afumbe jicho la kulia kwa kiganja. Wewe fumba la kushoto, ili macho yaliyobaki yatazamane. Mwambie atazame pua yako, asiiache. Nyosha mkono wako pembeni, mahali ambapo wewe mwenyewe unaona kidole chako kwa shida, kitingishe, kilete ndani taratibu. Akuambie anapokiona. Fanya kulia, fanya kushoto, juu na chini, kisha jicho la pili. Kama wewe umekiona zamani na yeye bado yuko kimya, na ni upande ule ule kwa macho yote mawili, usimnunulie miwani. Mpeleke. Hapa Oman wapasuaji wa ubongo wako Hospitali ya Khoula, na wako hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Unguja, Mnazi Mmoja ina kituo chake cha upasuaji huu tangu 2014, kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Hispania; Dar es Salaam wako MOI, Muhimbili. Foleni zipo, fedha ni mtihani, najua. Lakini uvimbe huu kwa kawaida hutoa nafasi.

Mama mkubwa alipoambiwa atapasuliwa, aliuliza jambo moja: kama watamnyoa nywele zote. Wakamwambia ni kidogo tu, nyuma. Akasema bismillahi. Si kila mwenye meninjioma hupasuliwa. Wengine huangaliwa tu kwa MRI ya kila mwaka, wengine hupigwa mionzi. Wake ulikuwa umekwisha kumnyang'anya nusu ya dunia, kwa hiyo uamuzi haukuchukua muda. Msomaji wetu alikuja asubuhi ile, akamsomea kabla hajaingia chumba cha upasuaji, kisha akakaa nasi kwenye viti vya kungojea saa zote zile, tasbihi mkononi. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Lau ningemuuliza upande, ningewaambia mapema." Nikamwambia hilo tunalo sote.

Uvimbe ulitoka wote. Maabara ikasema si saratani. Ndege hakurudi, wala mtoto. Upande wa kushoto umerudi kiasi, si wote. Amezoea kugeuza shingo kabla ya kumimina, nasi tunapanga vikombe kulia kwa sinia bila kumwambia, ingawa nadhani anajua. Anakunywa dawa za kuzuia kifafa, mara mbili kwa siku.

Aliniambia wakati mmoja kuwa katika salamu ya pili bado anatua kidogo akigeuka. Si kwa hofu. "Alikuwa mtoto mzuri," alisema, "kofia yake safi." Sikujua nimjibu nini, na sikumjibu.

Juzi jioni nilimchukua kwa gari, tukasimama karibu na uzio wa mabwawa, jua likielekea milimani. Tulikuwa kimya. Kikaja kitu cheupe kutoka kushoto kwetu, kikapita mbele ya kioo, kikatua kwenye matete. Mama mkubwa aliukamata mkono wangu.

"Na wewe umemwona?"

Nikamwambia, "Nimemwona, mama. Yangeyange."

Akauachia mkono wangu, akaendelea kumtazama.